Mdomo wa Soprano Nilioukataa Guangzhou

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi, mchana kweupe, jijini Guangzhou, nikiwa mzima, nimeshiba wali, sina homa. Wenzangu walisema ni joto. Joto gani linalompunguzia mtu bei? Subiri, utaelewa.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, miaka ile mtaa wa Xiaobei ulipokuwa ukifurika watu wetu kila ndege inapotua. Nilikuwa na saksafoni ya soprano, ile ndogo iliyonyooka, niliyoinunua imeshatumika. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa VCD, mlango umefungwa, taulo nimelisokomeza chini ya mlango ili jirani asisikie ninavyokosea. Nikiri tu: nilikuwa na daftari la makosa. Kila noti iliyopasuka niliiandika.

Na zilipasuka, hasa za juu. Lawama zote nikautupia mdomo, yaani kile kipande cheusi unachokitia kinywani, kilichofungiwa kibapa cha mwanzi. Ukipuliza, mwanzi unatikisika na sauti inatoka. Wangu ulikuwa umechakaa, umejaa alama za meno yangu. Na Jumapili iliyokuwa inakuja nilitakiwa kupiga peke yangu kwenye ibada yetu ya Waafrika Mashariki. Mara yangu ya kwanza mbele ya watu. Nilishaahirisha mara tatu.

Aliyeniweka kwenye ratiba ni Mama Upendo, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza, aliyeongoza nyimbo kila alipokuja kununua mzigo.

"Mwezi mzima unatafuta mdomo, baba, utadhani unatafuta mchumba," alinitania. "Ukiahirisha tena nampa yule Mkongo na gitaa lake, na kwangu usije tena na saksafoni."

Kisha akanionya: "Ila usiende dukani saa ya kulala. Wenzetu hawa wakishakula mchana wanalala palepale kwenye kaunta. Ukimwamsha mtu, utauziwa vibaya."

Sasa nikiri upumbavu wangu. Nilienda saa hiyohiyo, makusudi. Muuzaji akilala, nani atanisikia nikikosea?

Duka lilikuwa kichochoroni, nyuma ya mitaa ya nguo za jumla ya Shisanhang. Mama mwenye duka alikuwa amelala kwenye kiti cha kukunja, gazeti usoni. Lakini nyuma ya kaunta alisimama mzee mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Nikamwambia kwa Kichina changu cha darasani kwamba nataka mdomo wa soprano, mzuri, usio ghali. Akanipangia mitatu. Wa chuma ungemeza posho yangu ya mwezi, nikausogeza pembeni. Wa pili ulikuwa wa plastiki ngumu, wa kawaida kabisa. Nikaufungia mwanzi wangu, nikapuliza. Ilipasuka noti moja tu, ya juu. Nikakunja uso.

Mzee akatabasamu. Akatoa mwanzi mpya kwenye boksi, akaufunga kwenye mdomo wa tatu, akachukua saksafoni yangu na kupiga wimbo mrefu bila kuvuta pumzi hata mara moja. Kisha akanirudishia. Nikapeleka kidole niufute ule mwanzi.

Nisikilize vizuri hapa. Mtu akipuliza hata dakika moja, mwanzi unalowa mate, hakuna ujanja. Ule ulikuwa mkavu kama ulivyotoka kwenye boksi.

Wewe ungekimbia? Mimi sikukimbia. Sauti ile ndiyo niliyokuwa nikiiota nyuma ya taulo langu. Nikapuliza. Noti ya juu, ileile inayonipasukia, ikatoka safi kama kioo kilichofutwa. Nikauondoa kinywani. Noti ikaendelea. Niamini: saksafoni iko mikononi mwangu, hakuna anayeipuliza, na noti inalia.

"Ukiuchukua huu hutakosea tena," mzee akasema.

"Bei gani?"

"Niachie ule wa zamani tu."

Mdomo wangu wa zamani ulikuwa juu ya kaunta, naye alishafungua droo ya kuutia. Droo ilijaa midomo ya saksafoni iliyochakaa, kila mmoja una alama za meno ya mtu. Vuguvugu likanipiga mkononi, kana kwamba yote imetoka vinywani muda uleule. Wangapi walikuja hapa na madaftari kama langu?

Hasira ikaushinda woga. Alama zile ni za meno yangu! Makosa yale nimeyahangaikia mwenyewe, miezi na miezi, halafu huyu anayataka kama takataka? Nikaukwapua mdomo wangu, nikapiga kelele neno ambalo kila mtu wetu hujifunza kwanza katika masoko ya Guangzhou:

"Bu yao!" Sitaki!

Gazeti likaanguka. Mama mwenye duka alikuwa ameketi, macho mekundu. Mzee hayupo. Mdomo wa tatu haupo tena kwenye saksafoni yangu, na ile noti imekatika. Nikangoja nigombezwe. Akaitazama ngumi yangu, akaitazama droo iliyo wazi.

"Ulipuliza?" akaniuliza.

"Mara moja."

Akasonya taratibu. Akachukua ule wa plastiki ngumu, akaufunga kwenye karatasi, akanitajia nusu ya bei iliyobandikwa. Sikuwa nimeomba.

Mama Upendo nilipomsimulia alimcheka mzee, akaicheka droo. Nilipofika kwenye bei akaacha kucheka.

"Laoban wa Guangzhou, mwenye duka lake, kapunguza mwenyewe? Hukumbembeleza?"

"Sikusema neno, mama."

"Mwanangu, kule usirudi."

Jumapili nilipiga. Noti zilipasuka mara mbili, na yule Mkongo akacheka kwa sauti. Nikamkazia macho, nikapiga mpaka mwisho. Makosa yale sikuyaandika popote.

Lakini ile noti niliyopuliza dukani haikurudi. Mpaka leo. Nimebadilisha mianzi, nimemwona fundi; yeye akiipiga inatoka, mimi nikiweka vidole palepale ni upepo mtupu. Kila wimbo wangu una tundu mahali hapo. Watu wanasema ndio mtindo wangu. Siwasahihishi.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mdomo wa bei nafuu, chukua wa plastiki ngumu na usione haya. Nenda na mwanzi wako, pima noti zinazokutesa, na muuzaji akusikie ukikosea akiwa macho. Akikupigia yeye kwanza, gusa mwanzi. Ukiukuta mkavu, weka chini, ondoka.

Na wewe mzee, kama haya yanakufikia: noti ile baki nayo. Zilizobaki ni zangu, pamoja na zinazopasuka.