Hesabu yangu ya solar ilikuwa sahihi, jua la Mbweni ndilo lililohama

Wakuu, salaam kwenu, na nyie mnaosoma kwa kuibia mkiwa kazini, salaam zenu pia.

Juzi kuna kijana humu jukwaani aliuliza anunue paneli ya ukubwa gani aendeshee kompyuta ndogo. Akajibiwa "chukua kubwa tu mkuu". Nikacheka peke yangu. Hayo mambo niliyafanya Mbweni miaka ya tisini, wengine humu mkiwa bado mnanyonya.

Nitakayosimulia ni kweli tupu. Kama kuna chumvi, ni ya upepo wa bahari.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja la umma. Mageuzi yakaja, shirika likauzwa, tukapunguzwa kazini. Wenzangu kiinua mgongo walifungulia genge, wengine wakanunua friji la kuuza barafu.

Mimi nikanunua laptop used, paneli ya solar na betri.

Walisema nimechanganyikiwa. Nikahamia kwa kaka yangu mkubwa, Idrisa, Mbweni. Mbweni ya enzi hizo msiichanganye na hii ya maghorofa. Ilikuwa minazi na mikorosho, na nguzo za umeme zilikuwa zimeishia mbali huko.

Kaka alinipokea kwa sharti moja.

"Zuhura, mie sikukatazi. Ila hiyo mitambo ikikushinda tunaiuza, unakaa na wifi yako mnapika vitumbua."

Vitumbua sina ubaya navyo, navila. Lakini nilikuwa nachapa bila kutazama vidole, na hiyo ndiyo kazi niliyoipenda. Sikutaka kuiacha.

Sasa hesabu, maana wengi ndiyo mnaisubiri.

Laptop yangu ilikula wati ishirini na tano. Nilitaka kufanya kazi saa tano kwa siku. Zidisha, unapata wati-saa mia moja ishirini na tano. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri, nayo inakula, kwa hiyo nikaweka mia moja na sabini kabisa.

Paneli ya wati hamsini, jua kali saa tano, kwenye makaratasi ni mia mbili hamsini. Toa joto, vumbi na nyaya, inabaki mia moja sabini na kitu. Inatosha.

Betri ya volti kumi na mbili, ampea sabini, inabeba mia nane na arobaini. Unatumia nusu tu, ukiikausha unaiua. Hiyo nusu ni siku mbili za mawingu na chenji.

Hesabu hiyo nilipiga mwenyewe, kwa fizikia ya form four. Hakunisaidia mtu. Naomba niringe kidogo.

Kufunga alifunga kaka, yeye ni fundi bati. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi inayong'aa kutoka Ulaya. Iliandikwa kwa Kiingereza paneli ielekee kusini, tena iinuliwe sana. Zama zile kitu kikishaandikwa Kiingereza kwenye karatasi ya kung'aa, nani abishe? Kaka akapiga mbao juu ya bati, akaielekeza kusini, imesimama kama ubao wa darasani.

Ilikuwa Desemba, wakati wa kaskazi. Wakuu, ile kitu ilifanya kazi! Nachapa mchana, betri bado imejaa. Majirani wakawa wanakuja kuchungulia kompyuta isiyo na umeme. Nikapata barua za watu, kadi za harusi, katiba za vyama vya kusaidiana. Nachapa nyumbani, naweka kwenye diski, naenda kuprinti mjini.

Masika ikaja, chaji ikapungua. Nikasema mawingu hayo, yatapita.

Yakapita. Kikaingia kipupwe, mbingu nyeupe, jua linawaka, na betri ndiyo kwanza ikazidi kuzimia. Nachapa kurasa chache tu, taa nyekundu ya inveta inawaka. Na hapo nimeshashika kazi kubwa kuliko zote: mitihani ya nusu muhula ya shule moja binafsi kule Tegeta, madarasa yote. Mwalimu mkuu alisema nikiileta kwa wakati, mitihani yao yote itakuwa yangu.

Kaka akaona dalili. Alikuwa na rafiki mwenye baa pale Wazo, Bwana Ngonyani, mtu wa Songea, aliyekuwa anatafuta paneli ya kuwashia TV wateja waone mpira.

"Ngonyani anakuja Jumamosi na mkokoteni," kaka akaniambia. "Hiyo ndogo, Zuhura. Ulikosea mahesabu."

Iliniuma. Nikarudia hesabu mara tatu, ikatoka vilevile. Nikafuta vumbi, nikakaza nyaya, wapi. Nililia, sitawaficha.

Kesho yake adhuhuri ndani kulikuwa na baridi, nikatandika mkeka uani niote jua kidogo huku naswali. Nikaelekea kibla, na kwetu Dar kibla ni kaskazini. Nikafunga swala.

Jua likanipiga usoni.

Usoni, wakuu! Kivuli changu kimelala nyuma yangu. Na juu ya bati, paneli yangu imeelekea kusini, imeligeuzia jua mgongo. Mungu anisamehe, rakaa zilizobaki mwili ulikuwa kwenye mkeka, akili iko juu ya bati.

Nilipotoa salamu tu nikamwita kaka.

"Panda ukaigeuze ielekee kibla. Na uilaze."

"Karatasi imesema kusini, we unasema kibla? Kwani paneli inaswali?"

"Karatasi imeandikwa na mtu wa kwao, ambako jua mwaka mzima liko kusini. Kwetu Desemba linakuwa kusini, sasa hivi liko kaskazini. Tazama kivuli chako, kaka."

Akatazama kivuli chake. Kisha akaenda kuchukua ngazi.

Tukailaza, tukaiachia mwinamo mdogo tu maji ya mvua yateremke. Kesho yake jioni taa ya kijani ilikuwa inawaka na mimi bado nachapa.

Jumamosi Ngonyani alifika na mkokoteni wake. Mimi nilikuwa barazani na mtihani wa darasa la sita, somo la jiografia, mikono inakimbia. Sikusimama. Nilimsikia kaka akimpokea uani.

"Ngonyani ndugu yangu, nisamehe kwa kukusumbua. Hii haiuzwi. Mdogo wangu anafanyia kazi."

Nimepata sifa nyingi tangu siku ile. Hakuna iliyonikaa kama hiyo.

Mitihani niliifikisha Tegeta kwa wakati, na shule ile nikaichapia miaka mingi.

Funzo langu kwa yule kijana: piga hesabu ya wati na saa zako, usinunue kwa kukisia. Na karatasi ya maelekezo isome, lakini uliza iliandikiwa watu wa wapi. Kisha toka nje saa sita mchana utazame kivuli chako.

Mliofunga Bukoba, Mtwara na Songea, njooni mseme zenu zimeelekea wapi. Na anayebisha abishe, ila aje na hesabu yake.