Oolong ya Mama Mwenye Kisukari

Juzi, dukani Mwenge, nilimkuta mama mmoja ananusa makopo mawili ya chai ya Kichina, ile wanayoiita oolong. Muuzaji akamweleza kuwa ya kijani ni nyepesi, na ile nyeusi imekaangwa.

"Ipi inanyweka bila sukari?" akauliza, sauti imechoka. "Ni ya mama yangu. Ana kisukari, na kila chai isiyo na sukari nikimpa anaimwaga."

Akanigeukia. "Shikamoo bibi. Hebu nionjee wewe."

"Marahaba, mwanangu."

Muuzaji akanimiminia. Ya kijani niliiona kama maji yaliyooshewa mchicha. Ya kukaangwa ilinukia ukoko wa wali.

"Mpelekee hii," nikamwambia. "Ila mnywe wote, na wewe usitie sukari."

Akacheka, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Aa, bibi! Mie bila sukari siwezi kabisa."

Akalipia oolong ya kukaangwa, na kilo ya sukari yake.

Sikumlaumu. Wanangu nao wamenikataza sukari, na najua wananipenda. Lakini kila asubuhi, nikiwa kibarazani na kikombe changu kichungu, nasikia vijiko vyao vikikoroga huko jikoni, taratibu, wakidhani sisikii.