Barabara Aliyotaka Kuiona Mzee

Mwaka wa pili wa korona, mitaa yetu ya magharibi mwa Sydney ilipobanwa na amri za kutotoka nje kuliko mingine, nilikuwa nikihudumia wazee majumbani kwao. Asubuhi nilipanda treni Mount Druitt, barakoa usoni, barua ya ruhusa ya kazi kwenye simu, na mara nyingi behewa zima lilikuwa langu peke yangu. Nilishuka Seven Hills. Huko, katika nyumba ya matofali mekundu, walikaa mume na mke ambao wote wawili walikuwa wamevuka miaka sabini na tano. Mume ndiye aliyekuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilikuwa ikivimba. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvalisha zile soksi za kubana, na kuhakikisha amemeza dawa.

Walitaka niwaite kwa majina yao, maana ndivyo watu wanavyoitana huko. Mdomo wangu ulikataa. Nikawaita Mzee na Mama, na baada ya wiki mbili wakawa wanaitana hivyo wao wenyewe.

Mzee alikuwa ameendesha basi la abiria jijini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kabla ya korona walikuwa wamepanga safari ya basi la watalii kusini mwa Italia, kwenye barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa majabali, bahari ikiwa chini yake. Mipaka ikafungwa, safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Sasa alikuwa akiitazama barabara hiyo kwenye tableti. Mtu fulani alikuwa amefunga kamera kwenye kioo cha mbele cha basi akarekodi njia nzima, kona baada ya kona. Wakati mimi nahangaika na soksi, yeye alikuwa akinionyesha.

"Tazama hapa," aliniambia siku moja, akaisimamisha picha. Basi lilikuwa limeingia kwenye kona na jingine lilikuwa linakuja. "Hawa wanapishanaje?"

"Mmoja atarudi nyuma."

"Yupi?"

Nikaendelea kuvuta soksi. Akasema nikafikirie, nimpe jibu kesho yake. Nilifikiri kweli. Kesho yake nikamwambia atarudi yule asiye na gari nyuma yake.

"Nyuma yao wote wawili kumejaa magari," akasema. "Sheria ya kwenye mtihani wa leseni naijua. Ninachotaka kujua ni wanaambianaje."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya kila asubuhi. Helikopta ya polisi ilipita juu ya mapaa, Mama alileta chai, na sisi wawili tulikuwa tumeinamia kona za nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga. Yeye Mama hakuwahi kuketi nasi. Aliweka vikombe mezani akarudi jikoni, nami nikadhani amezichoka hizo picha.

Mzee alifariki kabla mitaa haijafunguliwa. Aliamka, akanywa chai, akasema anataka kulala tena kidogo. Kwenye mazishi waliruhusiwa watu kumi. Mama alinihesabu miongoni mwao, na nilisimama nyuma ya wajukuu nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Mwaka uliofuata mipaka ilifunguliwa. Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya majumbani na kuhamia hospitali. Mama akanipigia simu.

"Ile safari bado ipo," alisema. "Na kiti cha Mzee kipo. Utakuja?"

Nilimuuliza kwa nini asiende na mmoja wa watoto wake.

"Wanangu watakuwa wananilinda tu. Wewe utakuwa unatazama."

Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniambia kwamba nitakuwa msichana mdogo kuliko wote ndani ya basi hilo. Kweli, nilikuwa na miaka arobaini na sita na hakuna aliyenikaribia kwa umri.

Katika basi letu abiria walibadilishana viti kila siku ili kila mtu aonje kukaa mbele. Zamu yetu iliangukia siku ya nne, siku ya barabara yenyewe. Tulikaa upande wa kulia, upande wa bahari, na dereva alikuwa kushoto kwetu. Alikuwa mtu mfupi, shati limepigwa pasi, kimya. Barabara ilipoanza kupanda, nikahisi vidole vya Mama vikinishika mkono kwa nguvu. Nikamgeukia. Alikuwa amefumba macho.

"Unaumwa?"

"Naogopa mahali pa juu," alisema. "Tangu nikiwa mtoto."

"Mzee alijua?"

"Hakujua. Angeifuta safari."

Nilitaka kumuuliza, sasa mbona umekuja? Lakini aliniwahi.

"Niambie unachoona."

Nikaanza kumwambia. Nilimwambia mashamba ya malimau yamepangwa kama ngazi mlimani, yamefunikwa kwa nyavu nyeusi. Nilimwambia kuna mwanamke anaanika shuka kwenye kibaraza, na chini ya kibaraza hicho hakuna kitu, ni hewa tu na maji. Hapo akaminya mkono wangu, nikaelewa kwamba hewa nisiitaje. Nikabaki na malimau, paka, na vijumba vilivyorundikana mpaka mlango wa kimoja uko juu ya paa la kingine. Nikajikuta nami natazama zaidi kuliko ambavyo ningetazama kwa ajili yangu mwenyewe.

Kwenye kona moja dereva alipiga honi, akasikiliza, akaingia. Katikati ya kona tukakutana uso kwa uso na basi la abiria la pale pale. Yote mawili yakasimama. Nyuma yetu magari yakajipanga, na nyuma ya yule mwenzetu vilevile.

"Mama," nikasema, "wamekutana."

Akafumbua macho. Hakutazama bahari. Alitazama mikono ya dereva wetu.

Dereva aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Wa pili akatikisa kichwa, akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. Wetu akakunja shingo kuangalia kioo, akarudi nyuma urefu wa hatua moja hivi, akasimama. Yule wa pili akasogea akijibana ukutani, taratibu, hadi madirisha ya madereva yakalingana. Akanyoosha mkono nje, akakikunja kioo chetu cha pembeni kama mtu anayefunga dirisha la nyumba yake. Kisha wakaanza kuzungumza. Magari yalipiga honi, wao waliendelea kuzungumza.

Mama akamwinamia mwongoza watalii, aliyekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango. "Wanasema nini?"

"Dereva wetu anamuuliza mwenzake kama mama yake ametoka hospitali."

"Ametoka?"

Mwongozaji alisikiliza. "Jumanne."

Mama akaegemea kiti. "Kumbe wanafahamiana," akasema. Alibaki macho wazi mpaka kona iliyofuata, akafumba tena.

Siku ya tano hakupanda basi. Kulikuwa na boti kati ya mji ule na unaofuata, na maji hayakumtisha hata kidogo. Mimi nilitaka kumsindikiza. Akasema hapana, mmoja wetu lazima aione barabara iliyobaki. Nikapanda peke yangu, mkoba wangu nikauweka kwenye kiti chake.

Jioni nilimkuta mezani nje ya hoteli, pua imeiva kwa jua, mbele yake sahani ya samaki wadogo wa kukaanga. Aliwasogeza wachache upande wangu. Nikamwambia kuhusu mahandaki, na jinsi tulivyosubiri dakika ishirini kwa sababu ya lori la magodoro. Naye akaniambia kwamba ukiwa baharini barabara haionekani kabisa, unaona tu mabasi yakitokeza mwambani na kupotea.

"Nilihesabu manane," alisema. "Nikawa najiuliza wewe uko kwenye lipi."

"Hukuogopa?"

"Kwa ajili yako? Kidogo." Akachukua samaki mwingine. "Sasa niambie, hilo lori walilipitishaje?"