Mume wa Kwenye Riwaya

Mjukuu wangu, fundi cherehani, aliandika riwaya, lakini mumewe hakutaka ipelekwe kwa mchapishaji kabla hajaikagua yeye. Ndani mlikuwa na mume mlevi. "Unanianika!" mumewe akafoka, akamfuta mlevi huyo kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka na meza ikapata donda.

Mjukuu wangu akaandika upya, safari hii mume mpole anayeosha vyombo. Bwana akasoma, akavimba kama chura. "Huyu nani? Umemjulia wapi?"

Mimi nisiyejua a wala be nikachoka. "We bwana, mlevi ni wewe, mpole si wewe. Sasa mwenzio aandike mbuzi?"

"Bibi, hata mbuzi atasema ni yeye," mjukuu wangu akajibu. Akamwandika tena mlevi wake, akakwapua daftari, akaenda kwa mchapishaji bila kuaga.