Mgeni wa Chini ya Ngazi

Siku ya kwanza kumtia machoni alikuwa amesimama nje ya geti, sanduku lililofungwa kamba mkononi, akilitazama jengo letu kutoka chini mpaka juu kama anayehesabu madirisha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Geti lilikuwa wazi, lakini hakuingia.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mgeni," nikajibu, nikainuka nikampisha kiti changu.

Mimi ni mtu wa haya. Nimelinda geti lile miaka mingi na wakaaji wengi hawajui sauti yangu. Lakini neno hilo lilinitoka kwa urahisi, kwa sababu nilikulia kwenye nyumba ambamo mgeni ndiye aliyelala kitandani na sisi watoto tukashuka sakafuni. Kumwita mtu mgeni, kwangu, ilikuwa ni kumweka juu.

Juu ya meza yangu kulikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto ni wa wakaaji, jina na namba ya nyumba. Wa kulia ni wa wageni, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

"Namba ngapi?" nikamuuliza.

"Namba ya nini?"

"Ya nyumba unayokwenda."

"Mimi ndiye mfagizi mpya. Nimeambiwa nitakaa chini ya ngazi."

Chini ya ngazi hapakuwa na namba. Palikuwa na stoo ya ndoo na mafagio, yenye mlango ambao hata mimi niliingia kwa kuinama. Nikamwandika kulia, upande wa wageni. Sikufikiri mara mbili.

Alikuwa na miaka arobaini, ametoka nchi ambayo sisi tuliijua kwa kuletewa wafagizi tu. Jina lake lilikuwa refu, la kwao, na kila nikiliandika niliruka herufi. Shule yangu iliishia ya msingi. Mwaka wa tatu nikaona aibu kumharibia jina kila siku, nikaanza kuandika "Mgeni" basi. Akaliona, akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo mimi ndiye Mgeni?"

"Ndiyo."

"Haya. Na wewe ni mwenyeji wangu. Usije ukanifukuza."

Tangu hapo tukaitana hivyo. "Umeamkaje, Mgeni?" "Salama, mwenyeji wangu, mgongo tu ndio umekataa kuamka." Alianza kudeki ghorofa ya nane saa kumi na moja alfajiri, akashuka na ndoo ngazi kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa ya wakaaji. Saa kumi na mbili kamili alikuwa amefika chini, mlangoni kwangu. Alijua mtoto wa namba kumi na nne ana pumu, akadeki kwake bila dawa kali. Alijua mzee wa namba tatu hufungua mlango ili tu asalimiwe. Alimsalimia.

Kisha nchi ikaanza kupima furaha. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba sisi ni matajiri kuliko majirani zetu wote, sasa serikali ikataka kujua kama tumefurahi. Wakatuletea kijimashine, kikasimamishwa pale chini karibu na lifti. Kilikuwa na vitufe vitatu vyenye sura, mmoja anacheka, mmoja hana habari, mmoja amenuna. Anayepita anabonyeza. Kikibonyezwa kinalia "ti".

Wakaaji walibonyeza wiki ya kwanza, kisha wakachoka. Lakini Mgeni alikifuta kila asubuhi, na kwa sababu anayecheka ndiye aliyekuwa juu, ndiye aliyekusanya vumbi zaidi. Alimsugua. Ti, ti, ti, ti.

"Umesikia, mwenyeji?" alikuwa akiniambia. "Nchi imefurahi tena."

Mwisho wa mwaka jengo letu likapewa cheti cha furaha. Meneja wa jengo akakitia kwenye fremu ya kioo na kukitundika. Mgeni akapewa kazi ya kukipangusa.

"Tumeshinda," aliniambia, kitambaa begani.

"Tumeshinda nini?"

"Sijui. Uliza hicho kioo."

Hapo sote wawili tulicheka. Sikujua nilikuwa nacheka nini.

Alipokaribia miaka sitini, sheria ilikuwa wazi. Mfanyakazi wa kigeni akifika sitini anarudishwa kwao, isipokuwa awe na ushahidi kwamba ameishi hapa miaka kumi na mitano mfululizo. Hapo anapewa kadi na kubaki mpaka kufa. Yeye alikuwa na kumi na tisa. Na kwao hakukuwa na mtu. Mama yake alishazikwa, dada yake alishazikwa, nyumba yao ilishakuwa njia ya maji.

"Nikirudi nitamgongea nani mlango?" aliniuliza.

Meneja hakutaka kumwandikia barua. Stoo ya chini ya ngazi haikuruhusiwa kulaza mtu. Akikiri, jengo linatozwa faini na cheti kinashushwa. Alimwambia tu, "Dada, mimi sijui unalala wapi."

Basi Mgeni akaja mezani kwangu, uso umechangamka.

"Mwenyeji, si tuna daftari? Wewe umeniandika miaka yote."

Nikakumbuka nimemwandika upande gani, na kwa jina gani. Sikumwambia. Nikafungua kabati nikatoa madaftari yote, nikayafuta vumbi kwa mkono wa shati.

Karani wa idara ya wageni akaja siku ya Jumanne, kijana mpole, mkoba kwapani. Meneja akashuka akasimama kando. Karani akafunua kurasa, kidole kikishuka upande wa kulia.

"Huyu 'Mgeni' ni nani?"

"Ni mimi," akasema.

"Jina lako halimo, mama, ila miaka miwili ya kwanza, tena limekosewa."

"Ndiye mimi. Angalia saa. Nimeingia Jumatatu na sabuni, nimetoka Ijumaa kwenda kliniki. Mgeni gani huyo anakaa siku nne na anadeki?"

Karani akanigeukia. "Mzee, mwandiko ni wako?"

"Ndiyo."

"Umeandika mgeni, upande wa wageni. Ulimaanisha mgeni?"

"Ndiyo, lakini..."

Meneja alikuwa ananitazama. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, yakasimama foleni nyuma ya meno.

"Lakini nini?"

"Ilikuwa heshima," nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia.

"Heshima sina pa kuijaza kwenye fomu," akasema, bila ubaya. Akafunga mkoba. Alipopita karibu na lifti akabonyeza anayecheka, kwa mazoea tu. Ti.

Mgeni akapewa siku thelathini za kuondoka. Nilipanda mara tatu kwenda kwa meneja kumwambia ukweli uandikwe. Nilipanga maneno ngazini tangu chini, na kila nilipofika ghorofa ya nane yalikuwa yameisha. Niliinua mkono kugonga, nikaushusha. Siku thelathini ziliisha hivyo.

Sasa inakuja kampuni ya usafi mara mbili kwa wiki, na mashine ya kuunguruma. Siku nyingine hakuna anayefuta kitu. Lakini saa kumi na mbili alfajiri, ukumbi ukiwa mtupu, kile kijimashine kinalia. Ti, ti, ti, ti. Fundi alikifungua, akasema kizima, labda unyevu. Nimegeuza kiti changu nikitazame. Kitambaa cha Mgeni kilisugua miaka mpaka mdomo wa yule anayecheka ukafutika. Yamebaki macho mawili, yananitazama. Kabla hakijalia mimi husikia ndoo ikitua ngazi moja baada ya nyingine, kutoka juu. Huinuka nikasimama, kama siku ile, kiti kikiwa wazi. Hakuna anayekikalia.

Asubuhi aliyoondoka alikuwa na sanduku lilelile, kamba mpya. Alifuta kijimashine, akapangusa cheti, akaninyooshea ufunguo wa stoo. Nilitaka kumwomba msamaha. Mkono wangu, ambao haukujua kazi nyingine, ukachukua kalamu. Nilimtafuta kwenye daftari, mstari wa juzi, "Mgeni", saa ya kuingia, halafu kile kisanduku kitupu.

Akaweka kiganja juu ya ukurasa, kilikuwa na harufu ya sabuni.

"Saa ya kutoka usiijaze, mwenyeji wangu. Niache humo humo ndani."