Siku Bi Mkubwa Alipogoma Kushika Kazi

Mwanangu wa mwisho ni fundi wa kompyuta hospitalini. Mama yake alimwita Kiroboto tangu utotoni kwa sababu hatulii, na jina likamfuata hadi kazini. Tangu mama yake atutoke, hataki nishinde nyumbani peke yangu. Asubuhi ananiambia, "Baba, vaa koti, twende." Koti ni lazima. Chumba chake kina baridi kama chumba cha maiti, na hicho nacho nimeshakiingia.

Humo hamna dirisha. Kuna kabati la chuma lenye mlango wa wavu, na ndani yake mashine mbili bapa zinavuma mchana kutwa. Mwenzake kazini ni mtu mmoja mrefu wanayemwita Ngazi. Ngazi ndiye aliyezipa mashine majina: Bi Mkubwa na Bi Mdogo.

Kazi yao ni kutunza faili za wagonjwa. Zamani mashine ilikuwa moja. Ikizimika, dirisha la mapokezi linasimama na watu wanasimama nalo. Siku tuliyompeleka mama yake ilikuwa imezimika. Tulingoja. Sisemi ndicho kilichomuua. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka. Lakini tulingoja, na Kiroboto alishika mkoba wa mama yake muda wote. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kwingine. Baada ya maziko akaomba kazi pale.

Huwa namtazama. Hakuna picha za kubonyeza. Ni skrini nyeusi. Anaandika amri mstari mmoja, na mashine inamjibu kwa mistari. Akanieleza kwamba hizo mbili zinaamkiana bila kukoma. Mmoja anafanya kazi, mwenzake ananakili kila kitu na kungoja. Asiposikia salamu, kwanza anamkatia mwenzake umeme, kisha ndipo anashika kazi.

"Kwa nini amkatie umeme mwenzake aliye mgonjwa?" nikauliza.

"Huenda hajafa, Baba, ila hasikiki tu. Wakiandika wote wawili, faili ya mtu mmoja inakuwa mbili, na dawa zinachanganyika."

Ngazi akadakia, "Wake wenza hao, Mzee. Chungu kimoja, mwiko mmoja."

Daktari mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, hakuridhika na maelezo. Alisema, "Nionyesheni mchana, wagonjwa wakiwa dirishani. Dirisha likisimama, narudisha kadi za karatasi, na hizo mashine mtajua pa kuzipeleka."

Siku ilipofika nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Daktari mkuu alisimama, hakutaka kiti. Simu ya mezani ilikuwa wazi, tukimsikia karani wa mapokezi akiita watu. Siku hiyo kazi ilikuwa kwa Bi Mdogo. Kiroboto akashika waya wake wa umeme, akavuta.

Mvumo wa mashine moja ukanyamaza. Tukatazama skrini ya Bi Mkubwa. Iliandika kwamba mwenzake hayupo. Ikaandika kwamba imehakikisha amezimwa. Kisha ikatulia. Haikushika kazi.

"Jamani," karani akasema simuni, "huku imeganda. Na foleni inanung'unika."

Ngazi akainama sikioni mwa Kiroboto. "Rudisha waya. Tuseme umeme uliyumba."

"Ngazi," daktari mkuu akasema, "mimi masikio ninayo."

Kiroboto hakuugusa waya. Alikaa, akaanza kuandika. Shingo yake ilitoa jasho katika baridi ile. Aliiuliza mashine kitu, ikajibu, akauliza tena. Ulipotokea mstari mmoja mfupi, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Si mashine, daktari. Ni mimi."

Wiki iliyotangulia alitaka kumsafisha Bi Mkubwa, kwa hiyo akaihamisha kazi kwa mkono hadi kwa Bi Mdogo. Amri ile ya kuhamisha inaacha katazo nyuma yake: kazi isirudi huku mpaka fundi mwenyewe aliondoe. Alimsafisha, akamfunga, akasahau kuliondoa. Bi Mkubwa alikuwa mzima wa afya. Alikuwa anatii tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Kiroboto," Ngazi akasema.

Akaandika amri ya kufuta katazo, akabonyeza. Punde tu, karani akapaza sauti, "Imerudi! Nani anafuata? Mama, sogea hapa."

Daktari mkuu alimtazama. "Umenisimamishia dirisha."

"Ndiyo, daktari."

"Nisingekulazimisha uchomoe leo, katazo hilo ungelijua lini?"

Kiroboto akafikiri. "Siku Bi Mdogo angekufa kweli."

"Basi mwashe. Akishapata nguvu, mchomoe huyu mwingine."

Hapo ndipo nilipomwona mwanangu akiogopa. Akamrudishia Bi Mdogo waya, akangoja mpaka anakili yote aliyokosa. Akaiuliza mashine kama kuna katazo. Hakuna. Akauliza tena. Ngazi akamwambia, "Ushauliza hilo." Akamjibu, "Nyamaza, kaka." Kisha akapiga moyo konde, akamchomoa Bi Mkubwa.

Simuni karani alikuwa akitaja jina la mtu. Akasita, kama mtu anayemeza mate. Akaendelea kutaja.

"Karani," daktari mkuu akasema, "kuna tatizo huko?"

"Tatizo gani tena? Nina watu hapa, daktari." Akakata simu.

Daktari mkuu akafungua mlango. "Kadi zibaki stoo. Lakini kila mwezi utachomoa mmoja, mchana, nami nitakuwepo."

"Kila mwezi?" Ngazi akaguna.

"Na wewe utakaa dirishani, uzisikie hizo kelele mwenyewe."

Tangu hapo Kiroboto amechomoa mara nyingi. Dirisha halijasimama. Kila mara, kabla ya kuvuta waya, anauliza mara mbili kama kuna katazo. Nimemwambia hilo si baya.