Magunia Ishirini na Neno Kamwene

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata mkonge Tanga, nimechekecha dhahabu Lupa, nimelala chumba kimoja na maiti ya mtu niliyekula naye jioni ile ile, na asubuhi nikanywa uji. Shule niliiacha darasa la pili, maana mwalimu hakuwa na jipya la kuniambia. Lori langu nililinunua kwa jasho langu, wakati waliosoma walikuwa bado wanapanga foleni bomani kuomba kazi ya kufagia. Kwa hiyo watu waliponiambia niende Njombe nikaone mji ulioko mawinguni, nilicheka tu. Kama ni mawingu, hata jikoni kwangu yapo, kuni zikiwa mbichi.

Nilikwenda kwa ajili ya viazi. Mpishi mkuu wa kambi moja ya reli, Dodoma, alitaka magunia ishirini, na kama ningechelewa kazi ile angepewa mwenye lori mwingine, bwana mmoja wa maneno matamu na breki mbovu. Nikatumia akili. Mkulima akiona lori, bei inapanda kabla hujashuka. Basi lori nikaliacha Makambako nyuma ya ghala la Mhindi, dereva nikamwambia alale humo humo, mimi nikavaa shati la viraka nipande Njombe kwa gari la abiria kama mtu asiye na mbele wala nyuma.

Asubuhi, upepo wa Makambako ukitia vumbi kwenye vikombe vya watu, mama muuza uji akaniinamia kidogo.

"Kamwene."

Nikashtuka. Kwingi nilikopita, mwene ni mtawala, ndiye mwenye nchi. Na kwa Kiswahili mwenye ni mwenye mali, hilo halihitaji shule. Huyu mama kajuaje? Nani kamwambia habari za lori?

"Siyo mimi, mama," nikamjibu.

Akanitazama, kisha uji wangu akampa mtu mwingine.

Njombe tulifika ukungu haujaondoka. Mji gani ule! Barabara moja, maduka ya Wahindi ya kuhesabu kwa vidole, boma limejitenga juu huko kama linaogopa mafua, na watu wamejifunika makoti ya vita mchana kweupe. Nilipanda kilima kimoja kidogo tu, kifua kikanibana mpaka nikakaa chini. Ilikuwa tumbaku, siyo kilima. Kwenye mgahawa chai ilichemka kwa makelele mbele ya macho yangu, nikaimeza kwa mkupuo mmoja, wala haikuniunguza. Hata maji ya huko yanachemka kwa uvivu. Wakanisifia maporomoko yao karibu na mji, nikaenda nikayaona. Maji yanaanguka. Yangekuwa yanapanda ningesimama nitazame.

Lakini kila nilikopita, neno ni lile lile. Mzee mwenye jembe: "Kamwene!" Wasichana wa kuni wanapiga goti: "Kamwene." Hata katekista juu ya baiskeli alipunguza mwendo: "Kamwene, baba!" Nikajua nimeuzwa. Habari zimenitangulia, mji mzima unajua tajiri wa lori amekuja. Nikakaza uso, kila mmoja nikamjibu, "Siyo mimi. Mmenifananisha."

Pale Mjimwema nikaonyeshwa mama mmoja mwenye viazi. Nikamkuta uani kwake, mikono ina udongo mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake rundo la viazi kubwa kama kibanda, limefunikwa nyasi. Akasimama, akajifuta mikono.

"Kamwene, baba."

"Mama, usidanganywe na watu. Mimi si mwene, sina kitu, ni maskini napita zangu."

Akalitazama shati langu la viraka. "Na maskini wa kwenu hawasalimii?"

Sikulijali swali. "Nataka viazi."

"Viazi havipo," akasema, amesimama mbele ya rundo lile lile.

Nyumba ya pili, viazi havipo. Ya tatu, mlango ukafungwa kabla sijafika. Jua likaanza kushuka, nami nikaona magunia yangu ishirini yanapakiwa na yule wa breki mbovu. Nikarudi barabarani nimekasirika. Barazani kwa Mhindi alikaa fundi cherehani, Mkinga wa kutoka Bulongwa, mguu kwenye mashine, mdomo umejaa pini. Akazitoa.

"Kamwene, baba."

"Na wewe! Nimesema siyo mimi!"

"Siyo wewe nani?"

"Huyo mwene mnayemtafuta."

Cherehani ikasimama. "Mzee, hiyo ni salamu. Kamwene ni kama habari za leo. Ukiambiwa kamwene, nawe jibu kamwene, kila mtu ashike njia yake." Kisha akapiga paja. "Kumbe ni wewe! Mji mzima unasema kuna mgeni ana kesi, akisalimiwa anakana kama yuko mbele ya bwana shauri!"

Nikamwambia hiyo salamu gani ya kumgawia kila mtu uchifu. Wote wakiwa wakubwa, nani atalima? Lakini nikamnunulia chai, maana alinieleza pia kwamba yule mama wa Mjimwema tangu asubuhi alikuwa anauza gunia shilingi nane.

Nikarudi Mjimwema mbio, kifua kikinibana tena. Tumbaku.

"Kamwene, mama!" nikasema kwa sauti.

Akageuka taratibu. "Siyo mimi," akajibu. "Umenifananisha."

Ndani ya nyumba bibi kizee akacheka mpaka akakohoa. Nikasimama pale kama nguzo mpaka walipomaliza.

"Haya, kamwene, baba. Sema."

"Nataka magunia ishirini."

"Maskini wa asubuhi? Maskini hununua debe. Magunia ishirini utayabeba kwa kichwa?"

"Nina lori. Liko Makambako."

"La nani?"

"Langu."

"Mama we!" akamwita bibi yule. "Njoo umwone, kumbe ni mwene kweli!" Kisha akanigeukia, uso hauna tena mchezo. "Gunia ni shilingi kumi na nusu."

"Leo hii umeuza nane!"

"Nane ni bei ya watu wanaosalimiana."

Nikalipa. Dodoma haisubiri. Kesho yake dereva akaleta lori, tukapakia, na yule wa breki mbovu akala vumbi langu. Kwa hiyo mji wa mawinguni nimeuona, na bado sijashangaa: baridi, ukungu, maji yanayoanguka, na watu wanaouza salamu ghali kuliko viazi. Shilingi mbili na nusu zaidi kwa kila gunia, mara ishirini, na chai ya fundi juu yake: neno lile moja lilinigharimu shilingi hamsini na senti thelathini.